Kilometa laki nne sio ugonjwa: kagua Land Cruiser ya dizeli kabla hujatoa hela

Kila wiki lazima nitumiwe picha ya dashibodi. Mtu kasimama yadi, kapiga picha ile namba ya kilometa, ananiuliza mwalimu hii vipi, nichukue? Namjibu hiyo picha haijaniambia kitu, nipigie pedali ya klachi na ya breki, na ukingo wa siti ya dereva ule wa upande wa mlango. Mpira wa pedali ukiwa umelika mpaka chuma kinachungulia afu dashibodi inasema 128,000, basi mmoja hapo anadanganya na pedali haijui kudanganya.

Mi nafundisha ufundi magari kwenye chuo cha ufundi hapa Arusha. Idara yetu imeniomba niandike hili kwa sababu wengi wanatuletea gari wakishalipa, na ukishalipa kazi yetu inakua kukwambia umepoteza kiasi gani, basi. Na mji huu una dizeli nyingi zilizochoka kuliko unavyodhani, za utalii zilizopiga Serengeti na Ngorongoro miaka kumi, za miradi, za minada, na zile zinazoshuka bandarini Dar kutoka Japani.

Niseme mapema, mi gari ya kilometa nyingi siiogopi. Chukua injini ya 1HZ, ile iliyo kwenye hardtop nyingi, gari ambayo watu wanaiita mkonga kwa ajili ya lile bomba la hewa pembeni ya kioo. Ipo tangu 1990, lita 4.2, silinda sita, haina tabo wala kompyuta ya kusumbua. Ikibadilishiwa oili kwa wakati na isichemke, laki nne kwake ni umri wa mtu mzima mwenye nguvu zake. Ninachokiogopa ni gari isiyo na historia. Halafu kilometa zenyewe hazihesabu kila kitu, kuna gari ya mradi dereva anamsubiri bosi kwenye mkutano masaa matatu injini inaunguruma na AC inapuliza, kilometa hapo sifuri lakini oili inazeeka vilevile.

Mwaka jana mwezi wa saba kuna kijana nilimfundisha zamani, sasa hivi anafanya biashara ya vitunguu Mang'ola kule Karatu, alikuja akaniambia mwalimu nimepata gari mbili bei karibu sawa, nisindikize. Moja Prado ya miaka ya 90 yenye injini ya 1KZ, inang'aa, dashibodi 128,000. Nyingine hardtop nyeupe ya utalii, imechakaa, 412,000. Yeye moyo ulikua kwenye Prado na wala simlaumu, ilikua nzuri kweli kwa macho.

Tukapanga saa moja asubuhi na tukamwambia dalali wazi kabisa asiiwashe. Tumefika, nikaweka kiganja kwenye boneti, ya moto. "Bosi, nimeipasha kidogo tu, si unaona baridi ya leo, msije mkasubiri." Sasa hapo wengi wanashukuru kwa huduma. Mi nilitaka kurudi nyumbani. Dizeli iliyochoka inajitaja ikiwa ya baridi, kwa sababu haina cheche, inategemea hewa igandamizwe mpaka ipate moto wa kuchoma mafuta. Ring za pistoni zikiwa zimelika au plagi za hita, zile zinazopasha silinda kabla ya kuwasha, zimekufa, asubuhi ya baridi la Arusha itazunguka starta muda mrefu, itaunguruma kama inachechemea na kutoa moshi mweupe unaochoma macho. Ikishapashwa hayo yote unafichiwa, kwa hiyo gari inayokupokea ikiwa ya moto usiikague siku hiyo, rudi kesho bila taarifa.

Tukaifungua boneti hivyohivyo. Na hapa nawaomba mnisikilize vizuri maana ni kitu cha bure na hakuna anayekiangalia. Gari za Japani mara nyingi zinakuja na vibandiko vya gereji za kwao, kimoja cha oili kwenye fremu ya mlango wa dereva, na kingine kwenye kava la mbele la injini kinachosema mkanda wa taimingi, ule unaoendesha vali za injini kwa wakati wake, umebadilishwa kwenye kilometa ngapi. Maandishi huelewi lakini namba ni namba. Kijana wangu akafuta vumbi kwa kidole, ikatokea 196,000. Dashibodi 128,000. Yaani mkanda ulibadilishwa kwenye kilometa ambazo gari haijafika! Dalali akasema labda kibandiko ni cha gari nyingine. Tukamuaga kwa adabu, tukaondoka. (Kama gari imeingia karibuni mwombe mtu cheti cha Japani cha kusafirishia gari nje, kilometa huwa zinaandikwa mule. Akisema kimepotea, sawa, ila na bei nayo ishuke.)

Hata bila kibandiko ile Prado ningeiendea kwa tahadhari. 1KZ sio injini mbaya, ina nguvu na fundi wengi wanaijua, ila silinda hedi yake ni ya aluminiamu na ikichemka sana inapasuka. Sasa ongeza tabia yetu ya huku, gari ikipandisha joto fundi anatoa themostati, ile vali ya kuongoza maji ya injini, anaitupa, rejeta inajazwa maji ya bomba badala ya kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, kutu inaziba njia za maji taratibu, siku umepakia mzigo unapanda mlima mrefu ndio imekwisha. Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya BARIDI tu, ikiwa ya moto maji yatakubabua uso, sitanii. Ukikuta maji rangi ya tope au utando wa mafuta juu, ondoka. Ukikuta masafi, iwashe uchungulie, vipovu visivyoisha vinavyopanda ni pumzi ya silinda inayovuja kuingia kwenye maji. Na oili kwenye dipstiki ikiwa imefanana na chai ya maziwa hiyo wala usiulize bei.

Prado mpya zaidi zenye 1KD, hizi za komon reli, habari yake ni nozeli. Zinapuliza mafuta kwa presha kubwa sana kupitia vitundu ambavyo kwa macho huvioni, zikikutana na dizeli chafu au yenye maji zinakufa, na seti ya nozeli nne mpya ni hela ya kununulia bodaboda na zaidi. Halafu zile washa za shaba, vipete vya kuzibia chini ya nozeli, zikivuja, masizi yanaingia kwenye oili, yanaenda kuziba chujio la chini kwenye sampo, injini inakosa oili na kukwama wakati muuzaji alikua anasifia haijawahi kufunguliwa. Ukisikia inagonga kavukavu kama mtu anapiga bati kwa bisibisi, mlete fundi mwenye mashine ya kupima nozeli. Za tabo chomoa ule mpira mkubwa wa hewa, shika kile kipropela utikise. Kucheza kidogo sana ni kawaida, kikigusa ukuta tabo imekwisha.

Turudi kwa hardtop. Ilikua Njiro, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja aliyekua anaendesha watalii, sasa amestaafu na gari ni yake. Boneti baridi ina umande. Akasema "karibuni wanangu, washeni wenyewe". Taa ya hita ikazima, nikapiga starta, ikashika mara moja, moshi mweupe kidogo sekunde chache ukapotea. Moshi ndio shahidi wako wa kwanza, mweupe wa asubuhi ukiisha haraka sina neno nao, ukibaki na una harufu tamutamu ni maji ya rejeta yanaungua. Wa bluu ni oili inaliwa. Mweusi ukikanyaga resi mara nyingi ni hewa haitoshi au nozeli zinamwaga, huo unatibika.

Kisha nikafungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiunguruma, nikakigeuza nikakiweka juu ya tundu bila kukifunga. Kikicheza tu pale, sawa. Kikirushwa, au moshi ukitoka pale kama sufuria ya ugali, fundi tunasema injini inapumua, maana yake ring na silinda zimelika na hapo unazungumzia ovahoo, yaani kuifungua injini yote na kuijenga upya. Cha mzee kilitetemeka kikabaki. Ukitaka uhakika zaidi kuna kipimo cha kompresheni cha dizeli, kinafungwa kwenye tundu la plagi ya hita au la nozeli. Usikubali fundi anayekuja na kile cha petroli, presha ya dizeli ni kubwa mno kwake.

Kitu ambacho kwa gari za utalii nakiangalia kuliko vyote ni vumbi. Vumbi la Serengeti na Ngorongoro ni jepesi kama unga, na ea kilina ikikaa vibaya milimita moja tu au maungio ya mkonga yakiachia, lile vumbi linaingia kwenye silinda na kuzisugua kama msasa, injini ya kilometa laki moja inakua kizee. Nikachomoa mpira wa hewa upande ule ulioshapita filta, nikaingiza kitambaa cheupe kwa kidole, nikafuta. Kilitoka na oili kidogo, vumbi hakuna. Hapo ndipo nilipoanza kuipenda ile gari. Mzee akaingia ndani akatoka na daftari la shule lenye picha ya twiga kwenye jalada, kaandika kwa mkono kila alipomwaga oili, tarehe, kilometa, hata siku aliyobadilisha betri.

Haikua malaika. Chini ya chesisi, pale boksi ya stelingi inapofungwa, kulikua na ufa umeshachomelewa mara moja na unaanza tena, vile vimatuta vya barabara za changarawe vinatikisa chuma mpaka kinachoka. Tufe la chuma nyuma ya tairi la mbele kulia lilikua limelowa mchanganyiko wa grisi na oili ya difu, sili imekufa. Nikagonga chesisi yote kwa nyundo ndogo, ikalia vizuri. Gari zilizokaa Tanga, Dar au Zanzibar, na hata zile za Japani kaskazini kwenye theluji wanakomwaga chumvi barabarani, lazima ugonge, na ukikuta rangi nyeusi mbichi imepakwa chini jana, gonga mara mbili. Tukazungusha zile hab za tairi za mbele kwenye LOCK, tukaweka L4, ile gia nzito ya kuvuta kwa tairi zote nne, tukatembea kwenye udongo mstari mnyooka, ikavuta vizuri. Usijaribu hivyo ukikata kona kwenye lami, utaumiza gia za watu.

Karatasi nimeziweka mwisho ila nyie zifanyeni mwanzo. Namba ya chesisi kwenye hizi hardtop imegongwa kwenye reli ya kulia karibu na tairi la mbele, isugue usome namba kwa namba na kadi halisi sio kopi. Soma na ya injini maana wengi wamebadili injini na kadi haijui. Kadi ikiwa benki gari sio ya muuzaji peke yake. Deni la faini za trafiki liangalie kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari. Gari ya mradi yenye namba za DFP iliingia bila kodi, ikihamia kwako usiye na msamaha kodi inadaiwa, kwa hiyo uliza TRA mwenyewe kwa miguu yako kabla ya kukubaliana bei, usisikilize "hiyo tutamalizana".

Kijana akamwonyesha mzee ule ufa na ile sili, wakapunguziana kiungwana, wakaandikishana kwa wakili. Kesho yake akaileta chuoni tukamwaga oili zote, ya injini, giaboksi, difu zote mbili, tukaweka filta mpya ya dizeli, kisha mkanda wa taimingi. 1HZ inatumia mkanda, na ina taa ya T-BELT inayowaka kila kilometa 100,000 kukumbusha, ila taa hiyo fundi anaweza kuizima bila kubadilisha chochote. Mzee aliandika kwenye daftari kwamba kaubadilisha kwenye 330,000, na mi nilimwamini, ila tuliutoa hivyohivyo, tukaukunja kwa vidole mbele ya wanafunzi. Meno mazima, mgongo hauna ufa hata mmoja. Upo mpaka leo umetundikwa ukutani karakana, na chini yake kuna kopi ya ule ukurasa wa daftari.