Je, Jirani wa Msitu wa Kakamega Ndiye Adui Yake?

Kwa miaka mingi tumeambiwa kwamba msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, utapona tu wanakijiji wakifukuzwa wasiukaribie. Dhana hiyo haina msingi.

Tuanze na historia. Serikali ya kikoloni iliutangaza msitu huu kuwa hifadhi mwaka 1933. Ulinzi huo wa karatasi haukuokoa miti mikubwa, kwani kwa miongo kadhaa wapasuaji mbao wenye leseni waliikata kwa ruhusa ya wenye mamlaka. Ni kweli, wapo majirani wanaochoma makaa na kukata kuni, na uharibifu huo tusiufiche. Ila asiye na njia nyingine ya kupika hazuiwi na askari.

Sheria ya Misitu ya 2005, kisha ile ya 2016, ziliruhusu vyama vya kijamii vya misitu kusimamia misitu pamoja na Huduma ya Misitu ya Kenya. Wanachama hupata haki walizokubaliana, kama kuokota kuni kavu au kufuga nyuki, nao huwajibika kuulinda msitu.

Mfano ninaoupenda ni wa wakulima wa Muliru, kikundi cha wahifadhi wanaoishi kando ya msitu huu. Walipanda shambani mmea wa dawa wa jamii ya mrihani badala ya kuuchuma msituni, wakakamua mafuta ya kutengenezea dawa ya kuchua. Mwaka 2010 walipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Kasoro iliyopo ni mapato: mara nyingi hayamfikii mama anayebeba kuni kichwani. Hapo ndipo mikataba kati ya vyama hivyo na Huduma ya Misitu inapaswa kurekebishwa.