Wiki mbili Kilimanjaro: daktari wa ngozi mgeni huacha nini nyuma?

Mara moja kwa mwaka huvuka mpaka wa Holili nikitokea Mombasa, ambako natibu magonjwa ya ngozi, kwenda kujitolea kwa wiki mbili katika zahanati za vijijini mkoani Kilimanjaro. Mwaka wa kwanza nilirudi nyumbani nikijivunia wingi wa wagonjwa niliowaona. Mwaka uliofuata nikamkuta mtoto niliyemtibu upele akijikuna vilevile, na safari hii wadogo zake wawili walikuwa wanajikuna pamoja naye.

Kosa lilikuwa langu. Vidudu vya upele huchimba vijia katika tabaka la juu la ngozi, hasa katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni, na muwasho ule unaomkosesha mtu usingizi hautokani na kung'atwa, bali na mwili kuvikataa vidudu hivyo pamoja na mayai na kinyesi chao. Kwa anayeambukizwa mara ya kwanza, mwili huweza kuchukua wiki 4 hadi 6 kabla ya kuanza kuwasha. Kwa hiyo mama aliponiambia kwamba wengine nyumbani hawajikuni alisema kweli, nami nikakosea kuichukua kweli hiyo kuwa uthibitisho kwamba ni wazima. Nilipaswa kuwatibu wote waliolala chini ya paa lile siku moja, na kuwaonya kwamba muwasho unaweza kuendelea kwa wiki kadhaa hata baada ya vidudu kufa, wasije wakadhani dawa imeshindwa.

Tangu hapo nusu ya muda wangu naufanya wa kufundisha matabibu na wauguzi wanaobaki. Moshi yenyewe, pale katika hospitali ya rufaa ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, ambacho kwa miaka 2 huwaandaa matabibu kutoka nchi mbalimbali za Afrika kwenda kuendesha kliniki za ngozi mahali pasipo na daktari bingwa. Mgeni anayetaka kujitolea angeanza kwa kuuliza watu wa namna hiyo wanahitaji nini, baada ya kupata usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa sababu nia njema si leseni.

Ninalofundisha zaidi ni kutazama. Vitabu vingi tulivyosomea vina picha za ngozi nyeupe na husisitiza wekundu, ilhali kwenye ngozi nyeusi uvimbe ule ule huweza kuonekana wa zambarau, wa kijivu, au mweusi kuliko ngozi inayouzunguka, kiasi kwamba vidole vinavyopima joto na ugumu huliona jambo kabla ya macho. Ugumu huongezeka mgonjwa anapokuwa amekwisha kujipaka krimu zenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho), ambazo wengine huzichanganya kwenye mkorogo wa kujichubua: choa, au mashilingi kama wengine waitavyo, hupoteza ukingo wake wa duara, muwasho hupungua, na fangasi huendelea kuenea kimyakimya. (Siku hizi swali la krimu naliuliza mara mbili, la pili kwa sauti ya chini, mume au mama mkwe akiwa ametoka nje.)

Kuhusu dawa, niliwahi kubeba krimu nyingi za permethrini za kutibu upele, zikaisha siku niliyoondoka. Sasa nafundisha kwa benzili benzoati, dawa nyingine ya upele ambayo zahanati zile huweza kuiagiza zenyewe. Hata mafuta ya kuwakinga watu wenye ualbino na jua sibebi tena, maana Kilisun hutengenezwa hapo hapo Moshi. Natumia muda huo kukagua midomo, masikio na shingo zao, nikitafuta vidonda visivyopona.

Safari iliyopita, muuguzi wa zahanati moja alinionyesha daftari lake la upele. Alikuwa ameliandika kwa kaya badala ya mgonjwa mmoja mmoja, na Jumamosi hiyo aliita kaya nzima ya kwanza, pamoja na bibi aliyekuja akinung'unika kwamba yeye hawashwi popote.