Marais wa Marekani kwa sikio la mkalimani

Kazi yangu ni kusema maneno ya watu wengine. Nakaa kwenye kibanda cha kioo nyuma ya ukumbi, hedifoni masikioni. Mtu anasema Kiingereza na mimi natoa Kiswahili nikimfuata nyuma kwa sekunde mbili tatu. Wengi wetu tunaofanya kazi hii tumekulia kwenye hotuba za marais wa Marekani. Zimerekodiwa vizuri, maandishi yake yapo na hazilipiwi. Nimezikalimani mazoezini mara nyingi mpaka nyingine najua mzungumzaji anavuta pumzi wapi. Kwa hiyo nikiulizwa nani alikuwa hodari wa kusema, swali langu ni moja tu: ukimvua Kiingereza chake, anabaki na nini?

Wengi humtaja John F. Kennedy kwanza, basi na tuanze naye. Hotuba yake ya kuapishwa, 20 Januari 1961, haifiki robo saa, na Ted Sorensen aliyemsaidia kuiandika alikuwa fundi kwelikweli. Chukua ile sentensi inayojulikana dunia nzima: usiulize nchi yako itakufanyia nini, uliza wewe utaifanyia nini. Kiingereza hupindua mpangilio wote wa maneno, na sikio linaona mpinduko unakuja kutoka mbali. Kwetu mpinduko wote umejificha tumboni mwa kitenzi: ita-ku-fanyia, uta-i-fanyia. Msikilizaji akikohoa hapo, hotuba imempita. Ndiyo maana ile "wewe" naikandamiza kwa sauti, vinginevyo hakuna kilichopinduka. Lakini ile nyingine, "tusijadiliane kwa kuogopa, wala tusiogope kujadiliana", hiyo imekuja Kiswahilini kama iliyozaliwa hapa. Kennedy anabaki na mengi ukimvua Kiingereza. Kinachonichosha ni kwamba kila sentensi imevaa suti. Kufika dakika ya kumi natamani mmoja aje na kandambili.

Huyo wa kandambili ni Franklin Roosevelt, na kwangu mimi ndiye wa kwanza.

Machi 1933 benki za Marekani zilikuwa zimefungwa nchi nzima. Watu walikuwa wametoa fedha zao kwa hofu na kuzificha nyumbani. Jumapili usiku, tarehe 12, siku nane tu baada ya kuapishwa, Roosevelt aliingia redioni na kusema anataka kuzungumza kwa dakika chache kuhusu benki. Kisha akaeleza. Ukiweka fedha benki, alisema, benki haizifungii kwenye kasha. Inazikopesha na kuziwekeza ili magurudumu ya viwanda na kilimo yazunguke. Akaeleza kwa nini benki iliyo nzima haiwezi kuwalipa wateja wake wote kwa siku moja. Akawahakikishia kwamba fedha ziko salama zaidi katika benki iliyofunguliwa tena kuliko chini ya godoro. Kesho yake benki za kwanza zilipofunguliwa, watu walipanga foleni kuweka fedha, si kutoa.

Hotuba hiyo ukiikalimani hupotezi karibu chochote. Hata godoro lipo! Hakuna tamathali ya kuhangaika nayo, hakuna mchezo wa sauti, ni mtu mzima anayemweleza mwenzake jambo gumu bila kumdharau. Wanafunzi wangu huiona rahisi mno na kutaka niwape "hotuba ya kweli". Nawaambia wajaribu wao kueleza mfumo wa benki kwa dakika kumi na tatu, kwa watu walioshikwa na hofu, bila kuandika neno moja la kitaalamu ubaoni. Roosevelt alifanya mazungumzo ya redio ya namna hiyo takriban 30 katika urais wake.

Na alijua kuchagua neno. Baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani huko Hawaii, rasimu ya kwanza ya hotuba yake ilisema 7 Desemba 1941 ni tarehe itakayoishi katika historia ya dunia. Akachukua kalamu, akakata "historia ya dunia", akaandika neno moja tu: "infamy", yaani fedheha. Rasimu yenye mkwaruzo huo ipo mpaka leo.

Lyndon Johnson hakuwa msemaji. Televisheni ilimwonyesha mzito na mwenye kujilazimisha. Umahiri wake ulikuwa kumbana mtu mmoja kwenye kona, pua kwa pua, hadi akubali. Lakini usiku wa 15 Machi 1965 alisimama mbele ya Kongresi, bunge la Marekani, siku nane baada ya polisi kuwapiga waandamanaji Selma, Alabama, waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura. Katikati ya hotuba akasema: "And we shall overcome." Nikitafsiri "nasi tutashinda", sarufi haina kosa, lakini anasikika kama shabiki wa mpira. Yale yalikuwa maneno ya wimbo wa waandamanaji wenyewe, na sasa yanatoka kinywani mwa rais Mzungu wa Texas. Mkalimani haruhusiwi kuongeza maelezo. Siku hizi nayaacha maneno hayo kwa Kiingereza kama yalivyo, natulia kidogo, ndipo naweka Kiswahili. Sheria ya haki ya kupiga kura aliisaini 6 Agosti mwaka huohuo.

Ronald Reagan ni kesi ya sauti. Ujanani alitangaza michezo redioni huko Iowa, mara nyingine akisimulia mechi ya besiboli asiyoiona, akitegemea vikaratasi vya telegrafu tu. Huko alijifunza kusema na mtu mmoja asiyemjua kana kwamba wako sebuleni. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Challenger kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka na watu saba wakafa, mmoja wao mwalimu. Watoto wa shule walikuwa wakitazama moja kwa moja darasani. Reagan aliahirisha hotuba ya hali ya taifa ya usiku ule na badala yake akazungumza dakika nne hivi, kwa maneno aliyoandikiwa na Peggy Noonan. Wengi hukumbuka mwisho wake, alipoazima mistari ya shairi la rubani kijana. Mimi nakumbuka katikati, alipowageukia watoto wa shule. Kwa Kiingereza hakubadilisha namna ya kuita, sauti tu ndiyo iliyoshuka. Kiswahili hakinipi njia ya kukwepa: nikisema "wanafunzi" nimewaweka mstarini, nikisema "wanangu" nimeweka neno ambalo hakulitamka. Mimi husema "wanangu". Mwenzangu wa kibandani ananiambia ni uzushi, na hatujaelewana mpaka leo.

Bill Clinton nampa heshima kwa jambo moja. Tarehe 22 Septemba 1993, mbele ya Kongresi, teleprompta, kioo kinachomwonyesha msemaji maneno yake, ilimwonyesha hotuba isiyo yake. Alisema kama dakika saba kwa kichwa na karatasi zake, na ukumbi haukugundua. George W. Bush hakuwa mtu wa ufasaha, ila juu ya kifusi cha minara ya New York iliyoangushwa na magaidi, 14 Septemba 2001, mtu alipopiga kelele kwamba hamsikii, alijibu kwa kipaza sauti cha mkononi: mimi nawasikia. Donald Trump anajua kuvuta umati, hilo halina ubishi, lakini sentensi zake huacha njia katikati na mkalimani anabaki barabarani.

Barack Obama ndiye anayenipa shida tamu. Mdundo wake umetoka kanisa la Wamarekani weusi, na mdundo haupandi ndege. "Yes we can" ni silabi tatu. "Ndiyo, tunaweza" ni sita, umati hauwezi kuipigia makofi vilevile. Pale Kasarani, Nairobi, 26 Julai 2015, alipofungua na "Niaje wasee", hakuna mkalimani aliyehitajika.

Mwezi mmoja kamili kabla ya hapo alikuwa Charleston, kwenye mazishi ya mchungaji Clementa Pinckney, aliyeuawa kanisani pamoja na waumini wanane. Karibu na mwisho anataja neema, "Amazing grace", maneno ya wimbo maarufu wa kanisani, anarudia mara ya pili, kisha ananyamaza. Sekunde zinapita. Baadaye anaanza kuimba, na viongozi wa kanisa walio nyuma yake wanasimama.

Kibandani ukimya ni hatari. Sauti ikikatika, wajumbe hugonga hedifoni zao, kisha hugeuka kukutazama kupitia kioo wakidhani umezimia. Mara ya kwanza kufanya zoezi hilo niliingiwa na hofu, nikajaza pengo kwa kurudia sentensi iliyopita. Mwalimu alisimamisha mkanda: "Mbona unasema, naye kanyamaza?" Sasa ni mimi ninayeweka mkanda huo. Wanafunzi wanafika kwenye "Amazing grace" ya pili, Obama ananyamaza, na kufika sekunde ya tano au ya sita naona vidole vinaanza kutafuta kitufe cha maikrofoni.