Matundu Matano Kulingana Hakutoshi: Rimu za Toyota kwenye Subaru STI

Muuzaji atakuambia, "Matundu yakilingana, inafunga." Kwa Subaru WRX STI hiyo ni nusu ya habari. Tangu modeli ya 2005 matundu yake ni 5x114.3 (matano, kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3), sawa na ya Toyota Mark X. Lakini tundu la katikati la rimu ya Toyota ni milimita 60.1, na habu ya Subaru (kitovu kinachoingia kwenye tundu hilo) ni 56.1. Rimu haikai katikati barabara, hivyo usukani hutetemeka mwendo ukipanda hata baada ya balansi. Dawa ni ringi ya kujazia, 60.1 kwa 56.1, bei yake ndogo.

Nati ndizo hatari zaidi. Subaru hutumia M12x1.25, Toyota M12x1.5 (unene ni milimita 12 kwa zote, ila nafasi kati ya meno ni tofauti): ukilazimisha nati ya Toyota kwa spana ya upepo, meno ya stadi, yaani bolti ya habu, yanakwisha. Tena nati ya Subaru ina mdomo wa koni, wakati rimu nyingi za kiwandani za Toyota zinataka nati bapa yenye washa. Koni kwenye kiti bapa hugusa ukingoni tu, kisha hulegea njiani.

Kabla ya kulipa, vaisha rimu moja mbele, uizungushe kwa mkono. Spoku zikigusa kalipa ya Brembo (kifaa cha breki kinachobana diski), irudishe.