Kipokezi cha LDL: namna ini linavyojua kolesteroli imetosha

Kolesteroli haiyeyuki kwenye maji, na damu sehemu kubwa ni maji. Ndiyo maana husafirishwa ndani ya lipoprotini, yaani chembe ndogo mno zilizojaa mafuta na kuzungukwa na protini. Inayobeba kolesteroli nyingi zaidi ni LDL, ile tunayoambiwa kliniki kwamba ni "mbaya". Ubaya wake hutokea inapobaki damuni kwa wingi na kwa muda mrefu. Ikiingia kwenye seli ya ini, kuna kazi inaifanya.

Kwenye utando wa seli hiyo kuna vipokezi vinavyoitambua protini ya LDL iitwayo ApoB-100. Vikishaikamata, utando hubonyea na kuimeza LDL. Huko ndani asidi hutenganisha LDL na kipokezi: kipokezi hurudi juu ya utando kukamata nyingine, LDL huvunjwavunjwa, na kolesteroli yake huachiwa.

Kolesteroli hiyo sasa inatoa amri. Protini iitwayo SREBP-2 ndiyo huwasha jeni za kutengeneza kolesteroli na jeni ya kipokezi chenyewe. Kolesteroli ikiwa nyingi, SREBP-2 hufungiwa nje ya kiini cha seli, ziliko jeni, hivyo kiwanda kinapunguza kasi na vipokezi vipya vinakuwa vichache. Ikipungua, SREBP-2 hukatwa, kipande chake huingia kwenye kiini, na kazi huanza tena. Ziada huwekwa akiba kama matone ya mafuta, au hugeuzwa kuwa asidi za nyongo na kutolewa utumboni.

Waliofumbua utaratibu huu ni Michael Brown na Joseph Goldstein huko Dallas, Marekani, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Walianzia kwa wagonjwa waliorithi kasoro ya kipokezi. Mtoto aliyerithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama anaweza kupata mshtuko wa moyo kabla hajafika utu uzima, hata kama hali vyakula vya mafuta.

Statini, dawa za kupunguza kolesteroli, zinatumia mlango huohuo. Huzuia kimeng'enya cha kutengeneza kolesteroli; seli ya ini, ikiona upungufu, huongeza vipokezi na kuivuta LDL kutoka damuni. Lakini SREBP-2 iliyoamshwa huwasha pia PCSK9, protini inayopeleka vipokezi kuharibiwa, na kwa hiyo sehemu ya faida hupotea. Sindano za kuzuia PCSK9 husaidia kuziba pengo hilo.