Si moto uliomaliza sinema bubu

Kila ikitajwa filamu bubu ya Marekani iliyopotea, lazima atokee mtu aseme, "Hizo si ziliungua?" Nakarabati filamu za naitreti, yaani utepe wa zamani wa sinema unaoshika moto upesi, na jibu hilo limenichosha.

Moto ulikuwepo. Ghala la kampuni ya filamu ya Fox kule Little Ferry, New Jersey, liliteketea Julai 1937, na naitreti ikishawaka hata maji hayaizimi. Hilo halina ubishi.

Ila filamu nyingi ziliuawa na hesabu za biashara. Sinema ya sauti iliposhika soko baada ya 1927, kichekesho cha mapenzi cha mwaka juzi hakikuwa na mnunuzi. Kukitunza ni gharama, na kwenye rili zake kuna madini ya fedha yanayouzika. Basi zikatupwa, zikayeyushwa. Zilizosahaulika ghalani zikaoza: ukifungua kopo, harufu kali inakuchoma pua, picha imefifia, mizunguko imenatana kama sukari guru. Mwisho wake ni unga wa kahawia, wala hakuna aliyewasha kiberiti. Ripoti ya Maktaba ya Bunge la Marekani ya 2013 ilihesabu filamu ndefu bubu karibu 11,000 za miaka 1912 hadi 1929. Zilizobaki nzima katika umbo lake la awali ni 14% tu.

Na kama ni moto tu, kichekesho Her Wild Oat cha 1927 kingetoka wapi? Humo mwigizaji Colleen Moore ni muuza chakula kwenye kigari, anakwenda hoteli ya matajiri na kujifanya mtu wa ukoo wa kifahari. Ilihesabiwa imepotea, kumbe nakala iko Prague, mji mkuu wa Wacheki. Nakala zilizopelekwa mbali mara nyingi hazikurudishwa, kwa sababu nauli ilizidi thamani yake.

Hapa ndipo ninaposita. Vibao vya maandishi vya nakala ile, vile vinavyoonyeshwa kati ya picha kueleza maneno ya wahusika, vilikuwa vya Kicheki, vikabidi virudishwe Kiingereza. Filamu ikaonyeshwa tena 2006. Katika kichekesho bubu, nusu ya utani umo kwenye vibao. Tena zama zile nakala za ng'ambo mara nyingi zilitokana na kamera ya pili, au na picha ambazo mwongozaji hakuzichagua kwa soko la nyumbani. Nafurahi mno kwamba tunaweza kuitazama. Lakini kuiandika "imepona" bila maelezo pembeni, mkono wangu unakataa.