Nusumaisha na umri wa mawe: dhana zinazokula alama

Maswali ya nusumaisha yana fomula moja tu: N = N₀ × (1/2)^(t/T). N₀ ni kiasi cha mwanzo, N ni kilichobaki, t ni muda uliopita na T ni nusumaisha, yaani muda ambao nusu ya atomi huoza (huvunjika na kugeuka atomi nyingine). Wengi wanaikariri vizuri na bado wanakosa, kwa sababu swali ni nadra kukutajia N waziwazi. Litataja kilichooza, au uwiano wa atomi, au kipimo cha kaunta (kifaa cha kuhesabu mionzi) kilichochanganyika na mionzi mingine. Kazi iko hapo, kuipata N kabla ya kugusa kikokotoo.

Dhana: "Nusu ikiisha kwa siku 8, siku 16 zikifika hakuna kitu."

Chukua gramu 80 za iodini-131, ambayo nusumaisha yake ni siku 8 hivi. Baada ya siku 8 zinabaki gramu 40, siku 16 gramu 20, siku 24 gramu 10. Kila kipindi hupunguza nusu ya kilichopo, si nusu ya cha mwanzo. Kiini cha atomi hakizeeki: kile kilichokaa mwezi mzima kina uwezekano uleule wa kuvunjika kesho kama kilichotengenezwa leo.

Dhana hii ina ndugu yake mjanja zaidi. Ukiulizwa kinachobaki baada ya siku 4, kishawishi ni kusema robo imeondoka, zimebaki gramu 60. Sivyo. (1/2)^0.5 ni 0.707, kwa hiyo zinabaki gramu 56.6. Grafu ya kuoza ni mkunjo, na mwanzoni huporomoka kwa kasi kuliko mstari ulionyooka.

Hizo gramu 56.6, tena, ni za iodini peke yake. Iliyooza imegeuka zenoni-131, na kama chupa imefungwa vizuri, mzani hauonyeshi tofauti ya maana.

Dhana: "Asilimia 87.5 imeoza, kwa hiyo N/N₀ = 0.875."

N ni kilichobaki: 100 − 87.5 = 12.5, yaani 1/8, yaani nusumaisha 3. Kila uonapo "imeoza", "imepotea" au "imegeuka", toa kwanza kwenye 100.

Dhana: "Binti ni mara tatu ya mama, basi imebaki theluthi."

Hili ndilo kosa sugu kuliko yote kwenye maswali ya umri wa mawe. Mama ni atomi inayooza, binti ni ile inayotokana nayo. Atomi binti zote zilikuwa mama hapo zamani, kwa hiyo N₀ ni mama jumlisha binti: 1 + 3 = 4. Imebaki 1/4, na jiwe lina umri wa nusumaisha 2. Anayeandika 1/3 anapata nusumaisha 1.58, jibu ambalo kwa sura halina ubaya wowote, ndiyo maana halishtui. Uwiano ukiwa 7 kwa 1, imebaki 1/8.

Njia hii ina masharti mawili: jiwe lilianza bila binti hata mmoja, na kila mama anayeoza huzaa binti huyohuyo unayemhesabu. La pili huvunjika mara nyingi, kama tutakavyoona.

Dhana: "Kaboni-14 hupima umri wa kisukuku chochote."

Mwanaakiolojia Mary Leakey alipata fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, kule Olduvai, Tanzania, Julai 1959. Mwaka 1961 ukatangazwa umri wa miaka milioni 1.75. Kaboni-14 haikuhusika, na haingeweza. Nusumaisha yake ni miaka 5,730, na gramu moja ya kaboni kutoka kiumbe hai ina atomi zake kama bilioni 60. Zigawe kwa mbili mara 36, yaani miaka 206,000 hivi, na kwa wastani haibaki hata moja. Miaka milioni 1.75 ni nusumaisha 305. Kwa vitendo, kaboni huishia kwenye miaka 50,000 hivi.

Kilichopimwa Olduvai si mfupa bali majivu ya volkano, kwa potasiamu-40, yenye nusumaisha ya miaka bilioni 1.25. Katika kila atomi 100 zinazooza, karibu 11 tu huwa agoni-40. Nyingine huwa kalsiamu-40, ambayo haisaidii kwa kuwa imejaa mawe mengi tangu mwanzo. Hivyo fomula inabeba 0.107:

t = (T/0.693) × ln(1 + R/0.107)

R ni idadi ya atomi za agoni-40 kwa kila atomi moja ya potasiamu-40, ln ni logi asilia, na 0.693 ni ln 2. Weka R = 0.000104: R/0.107 ni 0.000972, na t inatoka miaka milioni 1.75. Sahau 0.107 na utapata miaka 188,000. Kadiria 1.000972 kuwa 1.00 na jiwe litakuwa na umri wa sifuri! Usikadirie kitu kabla ya ln.

Hapa joto huwachanganya watu. Joto halibadilishi kasi ya kuoza. Linachofanya ni kuitoa agoni, ambayo ni gesi, kutoka kwenye mwamba ulioyeyuka, na ndiyo maana saa huanza sifuri volkano inapolipuka. Mwamba ukichomwa tena baadaye, agoni hutoroka na umri unatoka mdogo. Fuwele kuukuu zikichanganyika na majivu mapya, unatoka mkubwa.

Dhana: "Namba ya kaunta ndiyo namba ya kutumia."

Kaunta inasoma 420 kwa dakika, saa 12 baadaye 120, na bila sampuli 20. Hizo 20 ni mionzi ya mazingira, zitoe kote: 400 hadi 100, nusumaisha 2, T = saa 6. Hiyo ni teknetiamu-99m, dutu ya mionzi inayotumika hospitalini kwa uchunguzi. Usipotoa utapata saa 6.6.

Dhana: "λ, kiwango cha kuoza, ni 1/T." Ni 0.693/T. 1/λ ni wastani wa maisha ya atomi, mrefu kuliko nusumaisha kwa asilimia 44.

Dhana: "Maabara hutumia 5,730 kwa kaboni-14."

Mkaa unaotoa mivunjiko 12.0 kwa dakika kwa kila gramu ya kaboni, ukilinganishwa na 13.6 ya kiumbe hai, unatoa (5,730/0.693) × ln(13.6/12.0), yaani miaka 1,035 hivi. Maabara itaandika 1,005 hivi, kwa sababu kwa makubaliano bado inatumia 5,568 ya Willard Libby, aliyebuni njia ya kaboni-14, inahesabu kurudi nyuma kutoka 1950, kisha inasahihisha kwa pete za miti. Kwenye mtihani, tumia T uliyopewa.